Baisikeli ya Kujiundia na Haki ya Jirani

Lipo swali ambalo watu hulisema kwa mzaha barazani, nasi twaona kwamba lastahili kuulizwa kwa akili. Mtu akikaa jioni nyingi nyuma ya nyumba yake, akiunda baisikeli moja kwa vyuma vya baisikeli tatu zilizokufa, wala hakuna aliyemwagiza, wala hakuna atakayemlipa, je, tumhesabu kuwa mtu wa kazi au mtu wa mchezo? Na akiisha kukimaliza chombo chake, je, ni chake peke yake kwa kuwa alikiunda kwa furaha yake, au yuko mwingine mwenye haki ndani yake?

Twachukua mfano wa baisikeli kwa sababu ndicho chombo kilicho karibu na watu wa Kasekese na vijiji vingi vya Katavi. Tangu mkoa huu ulipotengwa na Rukwa mwaka 2012, barabara kubwa kadha wa kadha zimetiwa lami, na pikipiki zimekuwa nyingi hata mtoto mdogo azijua kwa mlio. Walakini kwa mtu wa jembe baisikeli ingali punda wake. Huchukua gunia la mahindi, na madumu ya maji, na mkaa, na kuku waliofungwa miguu, na mara nyingine huchukua mgonjwa. Baisikeli hizi zilipoanza kuletwa zamani kutoka Uingereza, na baadaye kutoka India na China, zilikuwa zimefanyizwa kwa ajili ya mtu mmoja aendaye kazini pake katika njia iliyo sawa. Aliyezichora hakuziwazia njia za mchanga na mizizi ya miombo. Ndiyo maana ni chache zikaazo kama zilivyotoka kiwandani. Fundi wa kijiji huongeza fimbo ya chuma kila upande wa uma wa mbele usije ukapinda. Huifanya keria upya kwa nondo. Huongeza bomba la pili chini ya bomba la juu la fremu.

Hayo hufanywa kwa haja, wala hakuna ayalaumuye. Lakini yuko mtu mwingine, ambaye haja yake imekwisha kutimizwa, naye haachi. Baisikeli yake yatembea vema, naye bado aichungua. Aukata usukani na kuupinda namna nyingine. Afungua gurudumu la nyuma spoku zote 40 na kulisuka upya, akilizungusha na kulitazama kwa jicho moja, akikaza huku na kulegeza huku, hata rimu ipite mbele ya kidole chake bila kuyumba hata unene wa ukucha. Achonga vishikio kwa mti wa mninga. Huyu ndiye anayeulizwa na jirani zake, “Una nini wewe na chuma hiki?” Naye hana jibu, illa hucheka.

Twataka kumjibia. Kwanza, mara nyingi ayafanyayo si urembo mtupu. Mwili wa mtu una kipimo chake. Pedali ikiwa chini kabisa, yapasa mguu wa mpandaji uwe karibu kunyoka, goti likibaki limekunjika kidogo tu. Tandiko likiwa chini mno, magoti huchoka kabla ya mapafu, na mwenye safari ndefu hurudi akiyasugua kwa mafuta. Kiwanda hufanya fremu za vipimo vichache, na dukani mara nyingi hupatikana kimoja. Basi mtu mrefu ambaye hukata mabomba na kuyaunga tena kwa kipimo cha miguu yake, afanya lile ambalo mshona nguo hufanya kila siku, wala hatumwiti mshona nguo mtu wa mchezo.

Pili, hata kama ni mchezo, twauliza ni nani aliyesema kwamba mikono ya mtu mzima haina ruhusa ya kucheza. Mwaka 1527 Martin Luther alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link, aliyekuwa Nuremberg, akimwomba ampelekee vyombo vya kukereza miti, kwa kuwa yeye na mtumishi wake Wolfgang walikuwa wameanza kujifunza kazi ya kerezo. Wakati ule alikuwa na mke, na mtoto aliyezaliwa mwaka uliotangulia, na vitabu vya kuandika, na mabishano na nusu ya Ulaya. Katika waraka ule alitoa sababu, nusu kwa mzaha: kama ulimwengu ukikataa kuwalisha kwa ajili ya Neno, basi wajue kujilisha kwa mikono. Sisi twadhani sababu ile ilikuwa ya kuwajibia watu tu. Alipenda kuona kipande cha mti kikizunguka na kuwa mviringo. Wala hatujasikia kwamba Link alimkatalia.

Hapo twapata neno la kuwaambia walimu wa vijiji waulizwao habari ya Jumapili. Kijana ametoka kanisani, amekula, naye aketi chini ya mwembe akisafisha goroli za ekseli na kuzitia grisi. Mzee mmoja amwambia kwamba amevunja siku ya mapumziko. Twaona yafaa kuuliza kwanza kijana huyu juma zima alifanya nini. Kama alikuwa shambani tangu Jumatatu hata Jumamosi, zile goroli ndizo mapumziko yake, naye atainuka pale akiwa mzima kuliko alivyoketi. Lakini kama yeye ndiye fundi wa baisikeli wa kijiji, na juma lote ameshika spana, basi spana ile ile siku ya Jumapili ni kazi, hata kama safari hii hakuna mteja. Tendo ni moja, na hukumu ni mbili. Mzee anayetazama mikono tu hawezi kujua.

Basi kuunda kitu kwa kupenda si uvivu. Tungaliweza kuishia hapa, na wapenda vyuma wote wangalitushukuru. Lakini hatujaligusa lile lililo gumu, yaani kwamba kitu kilichoundwa kwa kupenda hakikai nyumbani.

Tufikiri jambo moja la desturi zetu. Katika kijiji hakuna baisikeli ya mtu mmoja. Iko baisikeli yenye mwenyewe, lakini jirani huja kuiazima: leo apeleka mahindi mashineni, kesho mwanawe aenda kufanya mtihani, kesho kutwa ana msiba kijiji cha pili. Kumnyima ni kujivunjia heshima, kwa kuwa kesho wewe utakwenda kuazima kwake jembe la kukokotwa au ngazi. Sasa yule mwenye baisikeli ya kujiundia ameitengeneza kwa mwili wake na kwa akili yake. Breki ya mbele ameiondoa, kwa kuwa yeye amezoea kusimamisha kwa kukanyagia kiatu juu ya tairi. Usukani wake wavuta kidogo kushoto, naye mkono wake wa kulia umekwisha kujua kuurudisha bila yeye kuwaza. Pale bomba la chini liungwapo na bomba la tandiko, aliwahi kuona mstari mwembamba kama unywele, akautia rangi. Kwake yeye baisikeli hii ni nzuri kuliko zote. Kwa jirani yake ni mtego.

Yatupasa kusema kidogo habari ya mstari ule. Mabomba ya fremu ni membamba kuliko yaonekanavyo. Zamani viwanda viliyaunga kwa kuyaingiza katika vikombe vya chuma na kuyalehemu kwa shaba ya manjano, ambayo huyeyuka kabla chuma hakijayeyuka, na hivyo bomba halikuharibika sana. Siku hizi kijijini huungwa kwa moto wa umeme. Moto ukizidi, chuma kilicho kando ya kiungo hudhoofika, ingawa kiungo chenyewe chaonekana kinene na cha kuaminika. Ufa huanza pale kando, huenda polepole kwa kila shimo la njia, na siku ya kukatika huwa ni siku ya mzigo mzito. Rangi haiuponyi. Rangi huuficha tu machoni pa mtu ambaye hakuuona.

Katika historia ya baisikeli yako mambo ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Mwaka 1887, mjini Belfast, daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa na baisikeli ndogo ya magurudumu matatu. Magurudumu yale yalikuwa na mpira mgumu, nayo yalimtikisa mtoto katika njia za mawe. Baba akachukua mpira mwembamba, akafanya mfano wa mrija, akauzungusha juu ya duara ya mti, akautia hewa kwa pampu ya mpira wa kuchezea. Kisha akalisukuma gurudumu lile uani, na lile la zamani akalisukuma vile vile. La zamani likaanguka njiani, jipya likaenda hata mwisho wa ua. Hakuna aliyemwagiza. Hakuwa fundi wa baisikeli. Ilikuwa kazi ya baba ampendaye mwanawe, mfano ulio safi kabisa wa jambo tunalolisifu. Mwaka 1888 akaandikisha haki yake, ingawa baadaye ilijulikana kwamba mtu mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuandikisha wazo hilo hilo miaka 40 na zaidi kabla yake.

Tairi lile likatoka uani. Katika miaka michache kila mpanda baisikeli wa Ulaya na Marekani alilitaka, na baada ya hao wenye motokari. Mpira ukawa mali. Na wakati ule mpira mwingi ulitoka katika misitu, nayo misitu mikubwa ya Kongo ilikuwa mikononi mwa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, aliyeitawala nchi ile kama shamba lake mwenyewe tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908. Watu walilazimishwa kuingia mwituni kugema mpira kwa kipimo kilichowekwa. Wake zao walishikwa rehani. Vijiji vilichomwa moto. Na mikono ya watu ilikatwa. Picha za waliokatwa mikono, zilizopigwa na Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, zilionyeshwa Uingereza na Marekani, watu wakalia. Nchi ile ni jirani yetu. Kutoka Karema mtu atazama magharibi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo.

Je, tumhukumu Dunlop? Hasha. Yeye alitaka mwanawe asitikisike. Hakuweza kuiona Kongo kutoka uani kwake, wala tamaa ya Leopold haikuzaliwa na tairi. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba upendo uliokuwa katika mikono yake ulikwenda pamoja na tairi hata mwisho wa safari yake. Upendo ulibaki uani, tairi likaenda. Hapo ndipo wapenda kazi za mikono wanapojidanganya: hudhani kwamba moyo mwema wa mwenye kuunda hukaa ndani ya kitu alichokiunda, kama moto ndani ya jiwe. Hauko. Ndani ya fremu mna chuma tu, na kiungo kizuri au kibaya.

Basi mwenye kuunda adaiwa nini? Sisi twaona kwamba adaiwa lile alijualo. Yaliyo mbali na macho yake, kama mambo ya Kongo kwa Dunlop, hatuyaweki juu ya kichwa chake. Lakini ufa aliouona na kuupaka rangi, breki aliyoiondoa kwa mkono wake, usukani auongozao kwa mazoea: haya ayajua, na jirani hayajui. Nao ujuzi ule ni deni. Mafundi wa kulipwa wana desturi ya kujitetea kwa kusema kwamba mteja alitaka bei ndogo, naye akapata kazi ya bei ndogo. Twalichukia neno hilo, lakini angalau lina mantiki yake, maana wawili walipatana. Aliyeunda kwa kupenda hana hata neno hilo. Hakuna mteja aliyempunguzia bei, hakuna tajiri aliyemharakisha. Alikuwa na jioni zote alizozitaka. Kwa hiyo akiacha ufa, ameuacha kwa hiari yake, nasi twasema kwamba deni lake ni kubwa kuliko la fundi wa mshahara, wala si dogo. Watu wengi hudhani kinyume cha hayo. Husema, “Aliniazima bure, nitamlaumuje?” Bure haiponyi mguu uliovunjika.

Tena iko heshima ndani ya deni hili. Katika Ufipa, kusini mwa Katavi, wahunzi wa zamani walijenga matanuru ya udongo yaitwayo malungu, marefu kuliko mtu, yaliyojivutia upepo yenyewe bila mivuo, wakayeyusha mawe ya chuma, kisha wakakisafisha chuma kile katika tanuru dogo na kufua majembe. Mabaki ya malungu hayo yangali yaonekana mahali mahali. Chuma cha kigeni kilipokuja kwa wingi, kazi ile ikafa. Jembe la kale lilikuwa na mtu nyuma yake. Likivunjika mapema, mwenye kulinunua alijua aende kwa nani. Jembe la dukani lina jina la kiwanda, na kiwanda hakina uso. Mtu ajiundiaye baisikeli Kasekese, pengine bila kujua, amelirudisha lile lililopotea: kitu ambacho aliyekifanya ajulikana na kupatikana. Lakini uso huo una maana gani kama atauficha siku ya kuulizwa?

Tumesikia wengine wakisema kwamba njia salama ni kutomwazima mtu. Hatuwezi kulikataa neno hili kabisa. Ni afadhali mtu aitwaye mchoyo kuliko mtu aliyemwazima jirani kifo. Lakini ni njia ya unyonge, na mbele ya macho ya kijiji haiwezi kudumu. Ziko nyingine zilizo bora. Aweza kuitengeneza tangu mwanzo akimfikiri mtu wa pili: breki zote mbili, tandiko liwezalo kupandishwa na kushushwa kwa spana moja, usukani usiovuta. Ataona kwamba furaha yake haikupungua. Mara nyingi huongezeka, maana ni vigumu zaidi kuunda chombo cha watu wawili kuliko cha mmoja, na mpenda kazi hupenda ugumu. Au aseme kasoro wazi kabla ya kuitoa: “Hii haina breki ya mbele, kule bondeni shuka utembee.” Neno fupi kama hili halina gharama, walakini twajua jinsi linavyokwama kooni, maana ni kama kumsema vibaya mtoto wako mbele ya wageni.

Ng'ambo, mjini Goma na vijiji vinavyouzunguka, watu wameunda kwa miti chombo kiitwacho chukudu, mfano wa baisikeli isiyo na pedali, chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa vipande vya tairi kuukuu. Huchukua magunia ya viazi na makaa, mizigo ambayo baisikeli ya kiwanda ingevunjika chini yake. Mji ule umeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Hatutaji jina la aliyeianzisha, maana imekuwa ya wote; kila seremala huifanya kwa namna yake. Na huku kwetu, mjini Arusha, fundi wa baisikeli Bernard Kiwia alitumia vyuma vya baisikeli kuunda kidude cha kutilia simu umeme kwa nguvu ya gurudumu, kisha akashirikiana na wengine katika karakana ya Twende, ambamo watu wa kawaida hufundishwa kubuni vyombo vyao. Katika yote mawili twaona jambo moja tulipendalo: chombo kilijaribiwa mikononi mwa watu wengine, tena wasio na subira, kabla hakijasifiwa.

Liko na deni la nyumbani, nalo twaligusa kwa haraka kwa kuwa kila mke alijua bila kufundishwa. Kengele ya tatu ikinunuliwa kwa fedha ya daftari za mtoto, hapo hatusemi tena habari ya kupenda kazi. Mwanamke anayenyamaza akimtazama mumewe akisugua rimu, huku chumvi imekwisha jikoni, amekwisha kutoa hukumu.

Lakini mtu akuulizaye shauri, ndugu mwalimu, mara nyingi hataki habari za kengele. Atakuuliza lile la usiku. Jirani amebisha hodi saa nane za usiku, mkewe ameshikwa na uchungu, pikipiki haipatikani, nayo baisikeli iliyoko ni ile moja, yenye ufa ulioupaka rangi, isiyo na breki. Hapa huwezi kunyima, wala huwezi kumpa yule mtu usukani na kurudi kulala ukijiambia kwamba umemsaidia. Mwambie mwenye baisikeli avae viatu atoke. Mama aketishwe juu ya keria, asipandwe mbio na mtu yeyote; mwenye chombo ashike usukani anaoujua, mume ashike nyuma, wakisukuma kwa miguu, na penye mteremko wasimame, wamteremshe, washuke wote watatu polepole, kisha wampandishe tena.